Nilivyoinasa VP28 bila kugusa urea

Ukianza kazi na protini za utando wa nje wa virusi vya madoa meupe, wa kwanza kukushauri atakwambia tumia urea, kemikali inayofumua protini iliyoganda ili iyeyuke majini. Katika maabara niliyosomea huku Taiwan karibu kila mtu aliniambia hivyo, na ushauri ule ulinila miezi. Bado unaniudhi.

Virusi hivi vimefyeka kambamiti wa mabwawa ya Asia tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2011 vikaingia Msumbiji, jirani zetu kabisa. Utando wao umejaa VP28, ikiwa pamoja na ndugu zake VP26 na VP24. Namba hizo ni uzito wa takriban kwa kilodaltoni (kipimo cha uzito wa molekuli), kama unavyoonekana kwenye jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa. Protini hizi hushikana. Watafiti wa Xiamen, China, waliripoti mwaka 2006 kwamba VP24 huishika VP28, nami nilitaka kulithibitisha kwa mikono yangu.

VP28 nzima niliyotengeneza ndani ya bakteria E. coli ilizama yote kwenye mashapo. Urea ya molari 8 iliiyeyusha vizuri, lakini kila nilipoipunguza urea, hata taratibu usiku kucha kwenye baridi, protini iligeuka uji mweupe. Kiasi kidogo kilichosalia majini kilinata popote: kwenye shanga tupu za kunasia protini, kwenye GST (protini inayotumika kama lebo ya kunasia), hata kwenye kuta za mirija. Ukishaifumua protini namna hiyo, kuikunja upya ni kutaka yai lililochemshwa lirudi bichi. Wakaniambia niongeze arginini, asidi amino inayosaidia protini isigandamane. Uji ukabaki uji, na resini ya nikeli ya kusafishia protini inauma mfuko.

Dawa niliipata kwenye maumbo ya VP26 na VP28 yaliyochapishwa na watafiti wa Singapore mwaka 2007. Wao waliondoa kipande cha mwanzo cha protini. Kipande hicho kinachukia maji kwa sababu kazi yake ni kujichomeka kwenye mafuta ya utando. Kinachobaki ni pipa la nyuzi za beta linalochomoza nje. Nikakata asidi amino kama thelathini za mwanzo, nikashusha joto hadi nyuzi 16, nikawaacha bakteria wafanye kazi mpaka asubuhi. Nilipozungusha mirija, VP28 ilikuwa tele kwenye maji ya juu. Nilipiga kelele ya furaha!

Mwenzangu mmoja alisisitiza kwamba nimekata na mshiko wenyewe, yaani sehemu ambayo VP24 huishikia VP28. Haukukatika. VP24, nayo nikiwa nimeipunguza mwanzoni, niliipa lebo ya GST nikaifunga kwenye shanga, nikamimina VP28. Usiridhike na mstari wa kwanza utakaouona kwenye jeli: osha kwa chumvi ya milimolari 300 na sabuni kidogo, tena na tena, na GST peke yake ipite njia ileile. GST yangu peke yake haikunasa kitu.

Halafu nikafanya jambo ninalojivunia kuliko yote: nikabadilishana lebo. VP28 ikavaa GST, VP24 ikavaa lebo ya histidini. Kama mshiko ungekuwa wa lebo, hapo ungeonekana. Mstari wa VP24 ukatoka palepale ulipotakiwa, mweusi na safi, na mmoja wa walioniambia niongeze arginini akaniomba plasmidi, yaani DNA za duara zinazobeba jeni za protini hizi.

Nilimpa. Zilizokatwa, si zile nzima.