Kisigino kilichonitesa miezi saba kimeachia

Jamani naandika hii maana najua kuna mtu anateseka hivihivi. Nauza dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, nasimama kwenye simenti tangu alfajiri, na kila nikiamka hatua ya kwanza tu kisigino kinachoma kama nimekanyaga msumari, nikitembea kidogo kinapoa, nikikaa nikiinuka kinaanza upya.

Nimemeza diklofenaki, nimekanda maji ya moto, nimechuliwa kisigino chenyewe mpaka machozi. Wapi!

Mtu wa fiziotherapia, wale wanaotibu viungo kwa mazoezi, ndo akanielewesha kwamba kinachouma ni ule utando mgumu wa unyayo, unatoka kisiginoni kwenda vidoleni, usiku unakaza, asubuhi ukiukanyagia ghafla unavutika. Kwa hiyo dawa inaanza kabla mguu haujagusa chini. Nikiwa bado kitandani navuta vidole kwa mkono vije juu, nahesabu 10, narudia mara 10. Na hapa ndo penyewe: vidole vikivutwa ule utando unasimama kama kamba katikati ya unyayo, basi uchue hapo kwa dole gumba, taratibu, usikomae na kisigino. Mie napaka mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, napanda hadi kwenye kigimbi maana nacho kilikuwa kimekaza vibaya.

Halafu kila baada ya siku moja nasimama kwenye ngazi, taulo nimelikunja chini ya vidole, nanyanyua kisigino sekunde 3, nashikilia 2, nashusha 3. Ndala bapa nimeacha.

Wiki ya sita maumivu yakapungua, mwezi wa tatu nikaamka nikaenda zangu kisimani bila kuchechemea.