Nilivyolisoma daftari la madeni la mkufunzi wa Cambridge

Nyumbani Morogoro tulikuwa tunakopa kwa Mangi. Mama akinituma sukari ananiambia, "Mwambie aandike," na Mangi anafungua kauntabuku lake, anatafuta ukurasa wetu, anaongeza mstari. Sikujua kama mistari ile ingekuja kunisaidia Uingereza.

Nikiwa nasoma shahada ya uzamili Cambridge nilipewa kazi: chukua daftari la mkufunzi mmoja wa chuo, la miaka ya 1860, fuata hesabu ya mwanafunzi mmoja kwa mwaka mzima, useme alidaiwa kiasi gani. Nilidhani ni kazi ya siku moja. Ilinila wiki tatu.

Kikwazo cha kwanza ni fedha yenyewe. Safu ni tatu: pauni, shilingi, peni. Enzi hizo pauni ilikuwa shilingi 20, shilingi ilikuwa peni 12, na peni iliandikwa kwa herufi d, kutokana na denarius, sarafu ya Warumi. Mimi niliyezoea shilingi ya senti 100 nilijumlisha kwa mazoea, nikaharibu kurasa nne nzima. Kilichoniokoa ni kugeuza kila kitu kuwa peni kwanza. Pauni moja ilikuwa peni 240. Niliingiza mstari mmoja mmoja kwenye jedwali la kompyuta, nusu peni na robo peni zikiwa desimali, na jumla nikairudisha kwenye pauni mwishoni kabisa.

Mwandiko nao ulinitesa. Nilijifua kwa madaftari ya Christ's College yenye bili za Charles Darwin za mwaka 1828 hadi 1831, ambayo yamewekwa mtandaoni. Ni ya kabla Victoria hajawa malkia mwaka 1837, lakini mtindo wa hesabu ni uleule: dobi, makaa ya mawe, kung'arisha viatu. Ukishalizoea neno "makaa" kwa mkono wa karani mmoja, utalitambua kwa wa mwingine.

Bado jumla yangu ilizidi ya mkufunzi kwa karibu pauni 19. Nilirudia mara mbili, jibu lilelile. Ndipo nikamkumbuka Mangi. Ukurasa ukijaa, alikuwa anaandika deni la nyuma juu ya ukurasa mpya, na Mama alikuwa anakagua kwa kidole lisihesabiwe mara mbili. Nikaangalia mstari wa juu wa muhula wa pili. Haukuwa na jina la mfanyabiashara yeyote. Lilikuwa salio la muhula uliotangulia, nami nilikuwa nimelijumlisha kama matumizi mapya.

Baada ya hapo nikamwelewa mkufunzi. Tunamfikiria kama mwalimu, kumbe kwenye karatasi zile ni mtu wa kati. Muuza makaa na fundi viatu wanaleta bili kwake, yeye analipa, anaandika chini ya jina la kijana, kisha anamdai baba. Baba akichelewa, pengo linakaa kwa mkufunzi. Nilimwonea huruma kwa dhati, maana kurasa zinaonyesha baba wengi walichelewa.

Kuna deni jingine ambalo halimo humo. Kijana chini ya miaka 21 alihesabiwa mtoto kisheria, na aliyemkopesha anasa hakuwa na uhakika wa kulipwa mahakamani. Sheria ya mwaka 1874 ilikaza zaidi. Lakini maduka yaliendelea kukopesha, yakitumaini familia itaona aibu na kulipa. Kwa hiyo kwenye ripoti yangu sikuandika "deni lake lote". Niliandika "deni lililopitia kwa mkufunzi", na msimamizi wangu aliponibishia nililitetea neno hilo.

Siku ya mwisho niliomba daftari tena, nikaliweka juu ya mto wa sponji, penseli mkononi. Chini ya jina la kijana kulikuwa na mistari miwili ya wino na jumla katikati. Nikasoma ya kwangu: pauni sawa, shilingi sawa. Nikashuka kwenye peni. Saba na nusu. Na yeye saba na nusu.