Siku moja na kipimo cha mvua, kutoka Lamu mpaka Siyu

Nikisema kazi yangu ni kuweka vipimo vya mvua, watu wengi wanadhani nazunguka na ndoo. Nimeona niandike siku yangu moja tu, ya kawaida kabisa, mwenye kusoma ajue nini kinafanyika mpaka ile namba ya "milimita kadhaa" inafika redioni au kwenye simu yako.

Saa kumi na moja alfajiri. Naamka, naswali, nakagua mizigo. Kipimo kimefungwa kwenye blanketi, kuna loga (kile kidude kinachohesabu na kuhifadhi namba), betri, silinda ya kupimia maji, mizani ndogo, pima maji ile ya mafundi ya kusawazishia, bisibisi, spana, tepu, na mpira wa dripu wa hospitali. Huo mpira mtauona baadaye. Chai na mahamri nakula nimesimama.

Saa kumi na mbili na nusu, jeti ya Lamu. Hapa saa haipangi bosi, yapanga bahari. Ile njia ya Mkanda, baina ya kisiwa cha Manda na bara, maji yakitoka boti haipiti, na leo maji yanajaa asubuhi mapema kisha yanajaa tena jioni. Maana yake nikishaenda nimeenda, kurudi ni jioni. Nahodha anataka kurusha begi la kipimo juu ya magunia ya vitunguu, nikamwambia kaka hapana, hili napakata mwenyewe. Nikalipakata mpaka Mtangawanda, gati la kisiwa cha Pate.

Kutoka Mtangawanda ni pikipiki mpaka Siyu, mchanga na vumbi, saa tatu kasorobo niko pale.

Tunaweka kipimo karibu na jabia. Kwa asiyejua, jabia ni ile sakafu kubwa iliyopigwa lipu, mvua ikinyesha maji yanateremka yanaingia kwenye birika la chini, na vijiji vingi vya Lamu Mashariki ndio maji yao ya kunywa hayo, maana visima vina chumvi. Kwa hivyo hapa milimita si hesabu ya vitabuni. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Jabia lenye sakafu ya mita za mraba 500 likipata milimita 20, hizo ni lita 10,000, utoe kidogo kinachopotea njiani. Kamati ikijua kilichoingia masika inaweza kupanga mgao kabla kiangazi cha kaskazi hakijawafika shingoni. Tangu ule ukame ulioanza mwisho wa 2020, misimu mitano mfululizo mvua zikagoma, watu hawataki tena kukisia.

Sasa sikilizeni. Nafika, nakuta bwana mmoja anayeshughulikia ujenzi ameshamwaga zege jana, nguzo imesimama, amefurahi, anataka nifunge kipimo nimalize. Na nguzo yenyewe iko hatua mbili tu kutoka ukuta wa stoo, na juu mwembe umetandaza matawi.

Nikamwambia kwa heshima, bwana, hapa haiwezekani. Akasema, "Fundi, mvua si yanyesha kote? Kwani yachagua mahali?" Nikamweleza ukuta huu una mita nne na uko upande wa kusini, masika upepo ni wa kusi, mvua haiji wima inakuja imelala, ukuta unaipokea kabla haijafika kwenye kipimo. Na mwembe nao unakinga mwanzo halafu mvua ikishaisha unaendelea kudondosha, kwa hivyo utaniandikia mvua saa ambayo jua limetoka. Kanuni ni kipimo kikae mbali na kizuizi angalau mara mbili ya urefu wa hicho kizuizi, na nafasi ikiwepo basi mara nne. Ukuta wa mita nne, mita nane ndio uchache wake. Mwembe wa mita kumi, mita ishirini.

Hakukubali. Alitaja simiti iliyotumika, akataja vibarua, akasema pale uwanjani punda watajikuna kwenye nguzo. Hilo la punda lilikuwa neno la haki kabisa, nikamwambia tutazungusha seng'enge fupi, isizidi mdomo wa kipimo. Bado. Akampigia simu msimamizi wa mradi, naye msimamizi akaniuliza kwa nini nisiweke juu ya paa la stoo yaishe. Nikaanza upya kueleza kwamba upepo ukigonga jengo unapanda na kuzunguka pale juu, matone yanapeperushwa yanapita juu ya faneli badala ya kuingia, kwa hivyo paani kipimo kinasoma pungufu na hakuna atakayejua, maana namba itakuja tu kila siku kama kawaida. Kinachoniumiza kwenye kazi hii ndicho hicho. Kipimo kilichoharibika unakiona, lakini kilichowekwa pabaya kinakupa namba safi za uongo miaka na miaka.

Jua linapanda, nimesimama, nimepiga simu na kupigiwa, saa nne imepita. Aliyenisaidia ni mzee mmoja anayelinda jabia, alikuwa amekaa kimya kwenye baraza muda wote. Akasema, "Mwanangu asema kweli. Hapo ukutani ndipo kuku wajifichapo mvua." Yule bwana akanyamaza, akaita vibarua. Nikamwambia ahsante mzee wangu, Mungu akuweke.

Shimo jipya likaanza, na ardhi ya pale ukishaondoa mchanga kidogo ni jiwe la matumbawe, ni mtaimbo na jasho. Wao wanachimba, mimi nikaingia kwenye darasa la hapo jirani kukalibreti, yaani kuhakikisha kipimo kinahesabu sawa, maana nje upepo unatikisa.

Ndani ya kipimo kuna vikopo viwili vimeungana mgongo kwa mgongo kwenye ekseli moja, vinapanda na kushuka kama pembea ya watoto. Faneli inadondosha kwenye kikopo cha juu, kikijaa kiasi chake kinapinduka, kinamwaga, mwenzake anapanda. Kila kikipinduka sumaku inapita mbele ya swichi ndogo na loga inahesabu moja. Faneli yangu ina kipenyo cha milimita 200 na kila pindu ni milimita 0.2 za mvua, ukipiga hesabu ni mililita 6.28 za maji. Kwa hivyo nikimimina mililita 628 nataka pindu 100. Na lazima maji yaende polepole, karibu saa nzima, ndio kazi ya ule mpira wa dripu. Ukiyafungulia kwa kasi, yale yanayoanguka wakati kikopo kiko njiani kupinduka yanaingia bila kuhesabiwa, na hiyo ndiyo sababu mvua kubwa sana vipimo hivi husoma pungufu kidogo kama hakuna marekebisho.

Nikaweka meza sawa kwa pima maji, nikalowesha vikopo kwanza, nikafungua dripu. Tik. Nusu dakika na kidogo. Tik. Unakaa hapo, huwezi kuondoka, unaandika. Nimefika sabini na kitu yule bwana akaingia kuniuliza nimefika wapi na akaegemea meza. Kikopo kikapinduka hakijajaa. Nikamwaga yote nikaanza mwanzo. Wallahi nilichoka mpaka mgongo ukaniuma, lakini hesabu yenye pindu moja la bure si hesabu.

Safari hii nilifunga mlango. Ikatoka 94. Yaani vikopo vinasubiri maji mengi mno kabla ya kupinduka. Pengine unasema asilimia sita ni kitu gani, lakini rudi kwenye lile jabia, katika lita 10,000 hizo ni lita 600, ni madumu thelathini ya lita ishirini. Chini ya kila kikopo kuna skrubu ya kuzuia, ukiipandisha kikopo kinapinduka mapema. Unazipandisha zote mbili sawasawa, robo ya mzunguko, ukipandisha moja tu kikopo kimoja kinakuwa mwepesi na mwenzake mzito. Nikaswali adhuhuri, wakaniletea wali na samaki wa kupaka, nikala huku naangalia matone.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Kulikuwa na 98, kulikuwa na kugusa skrubu kidogo kabisa, kulikuwa na joto, kulikuwa na watoto wa madrasa wamepanga nyuso dirishani wanahesabu na mimi kwa sauti. Ilipotoka 100 wao ndio walioshangilia, na mimi nikafunga nati za skrubu haraka zisije zikateleza.

Nje nguzo ilishashika, tulitumia simiti ya kukauka haraka na kuibana kwa mawe. Nikafunga kipimo, nikasawazisha miguu mitatu mpaka povu la pima maji likakaa katikati, maana kikiinama vikopo havipinduki sawa na kazi yote ya mezani inapotea. Nikapindua kwa mkono mara tano, loga ikasoma milimita 1.0. Nikaandika tarehe na saa daftarini, asije mtu akadhani Siyu ilinyesha alasiri ile.

Mwisho nikakaa na mzee na vijana wawili nikawaonyesha jinsi ya kutoa wavu wa faneli na kuufuta. Nyigu wakijenga pale, au majani na mavi ya ndege yakiziba, loga itaandika sifuri na mvua inanyesha. Chumvi ya bahari nayo inakula chuma, kwa hivyo wafute kila Ijumaa kabla ya swala, na wasitie mafuta kwenye vikopo hata kidogo. Kijana mmoja akarudia yote bila kukosea, nikampa daftari.

Mkanda tulipita giza limeshaingia, maji tele. Nyumbani nimeosha spana kwa maji baridi, nimezipaka mafuta, nimechaji betri ya pili. Kesho naenda Hindi, kule bara, na huko nimeshapiga simu kuwaambia wasimwage zege mpaka nifike.