Nilivyozoea kuvusha matishari kwenye maji yenye umeme

Mimi ni baharia wa sitahani kwenye boti ya kusukuma matishari, jimbo la Illinois, Marekani. Nimekulia Mombasa, upande wa Likoni, kwa hiyo kamba, grisi na kelele za injini havikunisumbua nilipoanza kazi huku. Kilichonisumbua ni kipande kifupi cha mfereji pale Romeoville, kusini-magharibi ya Chicago, ambako maji yenyewe yametiwa umeme.

Yametiwa makusudi. Mfereji huu ulifunguliwa 1900, ukageuza Mto Chicago uache kumwaga uchafu wa jiji Ziwa Michigan na badala yake uteremke kusini, mpaka Mississippi. Njia ikiwa wazi kwa maji na meli, iko wazi kwa samaki pia. Karpi wa Asia, samaki wageni wasiotakiwa huku, waliotoroka kwenye mabwawa ya kusini mwa nchi miaka ya 1970, wamekuwa wakipanda taratibu kuelekea Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, likiwemo Ziwa Michigan. Wahandisi wa jeshi la Marekani wakawasha kizuizi cha kwanza cha majaribio 2002, halafu vingine vikubwa zaidi 2009 na 2011. Vyuma vilivyolazwa sakafuni mwa mfereji hurusha umeme kwa mapigo ya haraka haraka. Samaki akisogea karibu anapigwa na kugeuka, au anapooza na kurudishwa na mkondo.

Sisi hatuna pa kugeukia. Tishari moja lina urefu wa karibu mita 59 na upana wa karibu mita 11, na mfereji hapo hauzidi mita 50 kutoka ukuta hadi ukuta. Lazima upite katikati ya umeme, na kwa mtu wa sitahani usalama wake unaanza kabla ya kufika.

Sheria ya eneo lile inataka matishari yafungwe kwa kamba za waya pekee, si za nailoni. Sababu ni kwamba msafara mzima uwe kama chuma kimoja; majaribio ya mwanzoni yalionyesha cheche zikiruka kati ya tishari na tishari. Ukishaingia ndani hakuna kufunga wala kufungua, hakuna kusimama, hakuna kupishana na chombo kingine. Matishari yenye mafuta yanayowaka huongezewa boti ya kusaidia upande wa omo, yaani mbele. Yeyote aliye nje avae jaketi la kuokolea maisha.

Basi nilijitengenezea utaratibu. Tukiwa bado mbali, natembea kutoka tezi, yaani nyuma, hadi omo nikipita kila kifundo. Nakaza kikazio mpaka waya ukome kucheza, kisha naugonga kwa mtaimbo: uliokaza hulia kama waya wa gitaa, uliolegea hutoa mlio mfu. Pale chuma kinapokutana na chuma naangalia kama pana nafasi inayofunguka tukiyumba. Pakiwa na mashaka narudia palepale, hata kama nahodha ananihimiza kwenye redio. Nikimaliza narudi ndani, mikono mbali na ukingo. Mtu akianguka mule haogelei, misuli inakataa. Kwa hiyo tulifundishwa kwamba hakuna kuruka kumfuata mwenzako, hata akiwa ndugu yako. Sentensi hiyo ilinichukua muda kuimeza.

Hofu ilipungua kwa kazi ya mikono. Ndipo nikaanza kujiuliza kuhusu samaki. Tunakaza nyaya juu mpaka zinalia, lakini chini je? Tishari nyingi zina ncha moja iliyochongwa mshazari ili ipasue maji, na nyingine iliyo bapa. Ncha ya mshazari ikifungwa kwenye ncha bapa, juu unaona zimebanana. Chini ya maji kunabaki pango la pembetatu, maji yake yametulia, yanasafiri na sisi. Waya wangu hauzibi hilo hata kidogo.

Kumbe watafiti walishaliona. Walipofuatilia samaki wadogo waliobanwa kwenye mapengo hayo, waliwakuta wakibebwa zaidi ya kilomita 15. Tena chuma cha tishari kinapitisha umeme vizuri kuliko maji, hivyo karibu na ubavu wa chombo nguvu inayomfikia samaki hupungua. Na samaki mdogo tayari ana nafuu: kadiri mwili unavyokuwa mfupi, ndivyo tofauti ya volti kati ya kichwa na mkia inavyokuwa ndogo. Ndiyo maana 2011 nguvu ilipandishwa hadi volti 2.3 kwa kila inchi usoni mwa maji.

Lililonishangaza zaidi ni la safari ya kuteremka. Mimi nilikuwa nikiiona kama safari isiyo na madhara, maana karpi wako kusini na sisi tunaelekea huko huko. Ila chombo kipana kikisukumwa ndani ya mfereji mwembamba, maji yanayosukumwa mbele hayana pa kwenda isipokuwa kurudi nyuma kwa ubavuni, kati ya chuma na ukuta. Ukisimama sitahani unaona majani na povu vikikimbilia Chicago huku sisi tukielekea mji wa Joliet, kusini. Kwenye mkondo huo wa kurudi, vyombo vya watafiti vinavyotambua samaki kwa mawimbi ya sauti viliona makundi ya samaki wadogo yakivuka kizuizi kwenda juu wakati matishari yakishuka.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema umeme ule ni kazi bure, wala na wanaosema umefunga mlango. Karpi wakubwa unawazuia sana. Tatizo ni wale wadogo, na sisi tunaopita.

Sasa mpango mkubwa uko kwenye loki (chumba chenye milango cha kupandisha na kushusha vyombo) ya Brandon Road, Joliet, kilomita kama 16 chini ya Romeoville. Pazia la mapovu litakuwa la kuwafukuza samaki kwenye mapengo yale ya chini kabla tishari halijaingia, kisha sauti kubwa chini ya maji, umeme, na kuisafisha loki kwa maji. Manahodha wanalalamikia kusubiri. Mimi nikiulizwa, bora tusubiri mapovu yafanye kazi ambayo waya haiwezi. Hadi hapo, mgeni akipangiwa zamu na mimi, namkabidhi mtaimbo na kumwambia aanzie kifundo cha tezi.