Aprili nakwenda thelujini, Mungu akipenda

Ndugu zangu, nimeamua. Miaka tisa napandisha wageni Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na theluji nimeikanyaga kwa buti tu. Mwaka huu nataka kuteleza juu yake kwa skii, vile vibao viwili virefu vya kufunga miguuni.

Dada yangu yuko Uswisi, na kila mwaka husema, "Kaka, njoo mwezi wa nne." Nilidhani ni kuchelewa. Kumbe huko Aprili ni majira ya kuchipua, bondeni baridi imepungua, ila juu kabisa theluji bado ipo. Tumechagua kijiji cha Zermatt. Magari ya petroli hayaingii kijijini, unafika kwa treni, kisha gari la kebo linakupandisha hadi mita 3,883 kwenye barafu ambako watu huteleza hata Julai. Na huku Moshi Aprili ni masika, wageni wachache, kwa hiyo sipotezi kazi.

Dada amenisisitizia jambo moja: theluji ya majira hayo huganda usiku, asubuhi ni ngumu, jua likipanda inalainika, mchana inakuwa uji. Joto hilo ndilo huamsha maporomoko ya theluji. Basi ni kuamka mapema na kumaliza mapema. Hilo nalielewa sana. Sisi wenyewe huanza safari ya kileleni usiku wa manane.

Visa naanza kuishughulikia Januari. Jaketi na suruali nitatafuta soko la Memorial, mitumba ya baridi pale ni mizuri mno. Skii tutakodi kulekule.

Mama anauliza nani atanishika nikianguka. Nimemwambia mwalimu tumeshamlipia siku 3.