Kovu la BCG limenigharimu dola 186

Juzi nimepokea bahasha kutoka kliniki. Dola 186. Sijaumwa, sijalazwa, sijameza hata kidonge kimoja. Nimedaiwa kwa sababu nina kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, begani, lile ambalo kila mmoja wenu analo.

Ilikuwa hivi. Hapa Georgia, Marekani, nasomea tiba ya wanamichezo, na kabla chuo hakijakuruhusu kugusa mchezaji unatakiwa uwe na karatasi zote: chanjo ya homa ya ini aina ya B, cheti cha huduma ya kwanza ya moyo, uchunguzi wa rekodi za polisi, na kipimo cha kifua kikuu. Nikadungwa sindano ndogo kwenye ngozi ya mkono, nikarudi baada ya siku mbili. Muuguzi akaweka rula ya plastiki juu ya uvimbe, akahesabu milimita, uso ukabadilika. Akaniuliza kama nimewahi kuishi na mgonjwa wa TB. Nikamwonyesha kovu. Akauliza hilo ni jeraha la nini.

Huku watoto hawachanjwi BCG, na chanjo ile inaweza kukifanya kipimo cha ngozi kisome kama umeambukizwa TB. Nilimweleza, akanisikiliza kwa adabu, halafu akaniandikia eksirei ya kifua. Picha ikatoka safi. Bima ya wanafunzi ikakataa kulipa, eti ni sharti la chuo, si matibabu. Kwa pesa hiyo, nyumbani mnajua wenyewe ukoo mzima ungepigwa picha.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kuja kusomea kazi yoyote ya afya, shika hili: omba kipimo cha TB cha damu. Hicho hakidanganywi na BCG. Omba kwa maandishi, kabla hujanyoosha mkono.

Nimeandika kwa hasira, lakini kuna jambo jingine linaniuma zaidi ya hizo dola. Mama mdogo alinipigia Jumapili, akaniambia mtaani wanauliza kama ni kweli nimevuka bahari kwenda kusomea kuchua. Nawaheshimu sana wachua misuli wetu. Wamebeba timu kwa miaka mingi wakiwa na mafuta, barafu na mikono yao tu. Ila ninachosoma ni kingine, na hata Wamarekani wenyewe wengi hawakijui. Jina la kazi kwa Kiingereza, athletic trainer, lina neno treina, basi kila mtu anadhani ni yule anayekuhesabia pushapu jimu. Chama cha madaktari cha Marekani kiliitambua kazi hii kuwa taaluma ya afya mwaka 1990, na bado mtu anakuagiza chupa ya maji.

Siku hizi mlango wa kuingilia ni shahada ya uzamili. Programu za shahada ya kwanza zilizokuwa zikikupeleka kwenye leseni ziliacha kupokea wanafunzi wapya mwaka 2022, kwa hiyo wakala akikuahidi miaka minne kisha leseni, muulize vizuri anauza nini. Unatakiwa uje na baiolojia, kemia, fizikia, saikolojia, anatomia na fiziolojia. Mimi fizikia ya shahada sikuwa nayo. Nikailipia huku, kiangazi kizima, kwa bei ya mwanafunzi wa kigeni.

Baada ya hapo ni darasa na kiwanja kwa pamoja. Asubuhi tunajifunza kupima goti lililopinduka: mkono mmoja unashika paja, mwingine unavuta mfupa wa chini kuja mbele, na unasikiliza kwa vidole kama ligamenti inakamata au inaachia. Tunajifunza mahali pa kubonyeza kwenye kifundo ili kujua kama mtu anahitaji eksirei au barafu inatosha. Mtikisiko wa ubongo, uti wa mgongo, lishe, afya ya akili, dawa, sheria. Tulitazama tena na tena jinsi Damar Hamlin, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani wa timu ya Buffalo Bills, alivyohudumiwa alipoanguka uwanjani Cincinnati tarehe 2 Januari 2023, moyo ukiwa umesimama. Aliyeanza kumkandamiza kifua ni treina, Denny Kellington. Mama mdogo, hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Alasiri ni vitendo, na hapo ndipo pochi inapolia. Saa za vitendo hazina mshahara. Tena unazilipia ada, kwa kuwa ni sehemu ya kozi. Nimepangiwa shule ya sekondari iliyo dakika arobaini kutoka chuoni, na basi haliendi huko. Bila gari huwezi. Gari lina bima, lina mafuta, lina matairi. Viza ya mwanafunzi inakuruhusu saa 20 za kibarua kwa wiki wakati wa masomo, tena ndani ya chuo, lakini maktaba inataka watu jioni na jioni mimi niko kiwanjani. Ijumaa mechi zinaisha usiku, na mimi ndiye wa mwisho kuondoka, nakunja meza. Kuna pia kipindi cha wiki nne au zaidi ambacho unafanya kazi ya treina kutwa nzima, hakuna kingine. Jiulize hizo wiki utakula nini. Na kabla hujakanyaga kiwanja cha nje ya chuo, mwone mshauri wa wanafunzi wa kigeni akwambie kama unahitaji idhini ya CPT, yaani ruhusa ya viza ya kufanya kazi iliyo sehemu ya masomo. Usisubiri akutafute.

Wiki zangu za kwanza nilikuwa nafunga vifundo tu. Mchezaji anakaa mezani, mguu unaning'inia, unamwambia avute vidole juu. Kwanza sponji nyembamba, halafu plasta za kushikilia, halafu zinazopanda kutoka ndani kwenda nje, moja ikifunika nusu ya mwenzake, halafu kisigino. Mkunjo mmoja tu ukibaki, kijana anarudi na lengelenge. Mkufunzi wangu, treina anayenisimamia pale shuleni, anamaliza kifundo kabla mimi sijafika kisigino. Nilikuwa nalala vidole gumba vikiniuma.

Huyu mkufunzi ndiye anayenifanya nisipande ndege kurudi nyumbani. Agosti hapa joto ni la kuua, na si kwa maana ya mafumbo. Darasani tunasoma kisa cha Korey Stringer, mchezaji wa futiboli hiyo hiyo wa timu ya Minnesota Vikings, aliyefariki kwa kiharusi cha joto, yaani mwili kupata joto kupita kiasi, tarehe 1 Agosti 2001, katika maandalizi ya msimu. Georgia shule za sekondari zina kanuni tangu 2012: kuna kifaa kinachojumlisha joto, unyevu, jua na upepo, na kikivuka nyuzi 92 kwa vipimo vyao vya Farenhaiti, takriban 33 kwa vyetu vya Selsiasi, hakuna mazoezi ya nje. Siku moja mazoezini nilikuwa nimekishika mimi. Kilisoma 92.6. Nikamwambia kocha. Akasema, "Wewe mbeba maji, nenda kwenye kivuli."

Mkufunzi alisikia. Hakupaza sauti. Alikuja akasimama kando yangu, akamwambia, "Yeye ndiye mwenye kifaa. Amesema tunasimama. Tumesimama." Vijana sitini wakavua helmeti. Kocha hakuniomba radhi mpaka leo, lakini wachezaji walianza kuniita kwa jina langu, na wanalitamka sawasawa.

Wiki mbili baadaye, siku ambayo kifaa kilituruhusu, kijana mmoja mnene wa mstari wa mbele alianza kuyumba na kujibu maswali ovyo. Kipimajoto cha kweli katika hali ile ni cha njia ya haja kubwa, cha mdomoni au kwapani hakiaminiki. Tulimzungushia mataulo tukampima: nyuzi 41.3 kwa vipimo vyetu. Tukamtumbukiza kwenye beseni la maji na barafu, mimi nimempitisha shuka chini ya makwapa kichwa kisizame, mwenzangu akiyakoroga maji kwa mkono. Gari la wagonjwa lilifika na wahudumu wakataka kumchukua hapo hapo. Mkufunzi akawaambia baridi kwanza, safari baadaye. Dakika kumi na mbili, 38.9. Ndipo tukamtoa. Mikono yangu haikuwa na hisia mpaka kwenye kiwiko. Alirudi shuleni Jumatatu, anatembea.

Mbele yangu kuna mtihani wa BOC, bodi inayowapa matreina vyeti, maswali 175 kwa saa nne, halafu leseni ya jimbo, halafu miezi 12 ya kufanya kazi kwa ruhusa ya viza. Baada ya hapo ni mwajiri akutake. Kama nia yako ni kurudi nyumbani kufanya kazi hospitali, nakushauri fiziotherapia, na hospitali ya KCMC pale Moshi wanaifundisha. Cheo hiki changu kwetu bado hakina hata jina.

Nimewapigia kliniki. Wamekubali niwalipe kwa mafungu matatu, dola 62 kila mwezi. La kwanza nimelipa leo.