Boxer 150 hadi Karenga: pancha, petroli na mchanga wa Karamoja

Watu wakisikia nimekwenda mpaka Karenga, mlangoni mwa mbuga ya Kidepo huko Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, na pikipiki ya boda aina ya Boxer, huuliza kwanza habari za injini. Injini haina shida. Kinachokulaza porini ni tairi, kisha petroli ya chupa, kisha mchanga.

Nilianzia Mbale. Hadi Soroti ni kama kilomita 100, na Soroti hadi Moroto kupitia Katakwi kama 170, zote lami. Hapo cha kuogopa ni ng'ombe tu. Nilipopita, lami iliishia Moroto; kuanzia hapo Kotido, Kaabong mpaka Karenga ni zaidi ya kilomita 200 za vumbi, mchanga na udongo mweusi. Nenda Januari au Februari. Mvua ikishaanza, mwezi wa nne hivi, ule udongo mweusi hushika tairi na kujaa chini ya madigadi mpaka gurudumu la mbele linagoma kuzunguka. Ukikutwa nao, fungua madigadi ya mbele uifunge kwenye mzigo, kwangua tope kwa kijiti, na kama jua lipo, subiri saa mbili tatu. Ukilazimisha utaunguza klachi.

Mzigo usiuweke wote kwenye karia. Uzito ukikaa nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na mchangani usukani unayumba kama umelewa. Nilishona magunia mawili pamoja nikayapitisha juu ya kiti, vyuma na maji vikakaa usawa wa mapaja, nguo ndizo zikaenda nyuma. Funga kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu. Kamba ya katani hulegea kwa mtikisiko, mpira hauachii. Angalia tu gunia la upande wa ekzosi lisiguse bomba.

Sasa tairi. Boxer yangu inavaa 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma. Nilibeba tyubu moja ya kila saizi, viraka, solusheni, msasa, pampu ya mkono na vyuma viwili vya kubandulia tairi. Lami niliendesha na upepo wa kawaida. Baada ya Moroto nilipunguza, nyuma ikabaki psi 22, mbele 18. Usishuke zaidi ya hapo ukiwa na tyubu: tairi itateleza juu ya rimu, iburute tyubu, na mdomo wa valvu ukatike shinani. Hapo kiraka hakisaidii. Kwa sababu hiyo ile nati ndogo ya valvu usiikaze kwenye rimu. Ipandishe juu mpaka karibu na kifuniko. Tairi likianza kuhama utaiona valvu imelala upande, nawe utapata nafasi ya kulirudisha kabla hakijakatika kitu.

Mwiba wa mgunga una tabia moja mbaya: hukatikia ndani ya tairi. Ukibadilisha tyubu bila kuutafuta, umetoboa ya pili. Pitisha kitambaa au soksi ndani ya tairi mzunguko mzima. Kitakaponasa, ndipo ulipo. Usitumie kidole kitupu. Na solusheni iache ikauke mpaka isinate kwenye kidole, kama dakika tano, ndipo ubandike kiraka na kukigandamiza. Wengi hubandika ingali mbichi, halafu wanalaumu kiraka.

Tangi ni lita 11. Kwa mzigo na mchanga nilihesabu kilomita 30 kwa lita, si zile 45 za mjini. Nilijaza Moroto na kuongeza jerikeni ya lita 5, maana sikutaka kutegemea petroli ya dukani. Ukilazimika kuinunua, omba iwe kwenye chupa inayoonyesha ndani, iache itulie, uitazame chini: maji hukaa kama ushanga chini ya petroli. Mimina kupitia kitambaa safi, mabaki ya chini mwaga. Pikipiki ikianza kukohoa baada ya kujaza, funga mafuta, fungua skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta, achia yaliyomo, funga tena.

Mito mingi njiani ni mchanga mtupu. Ingia na gia ya pili, sogea nyuma ya kiti, shika mafuta bila kubadilisha, macho ng'ambo. Breki ya mbele isahau. Lakini mto mkavu unaweza kujaa huku juu yako hakuna wingu, kwa sababu mvua imenyesha milimani. Ukikuta maji ya kahawia yanakwenda kasi, kaa ukingoni. Mara nyingi hupungua baada ya saa chache. Injini ikizimia ndani ya maji usipige kiki: sukuma nje, toa plagi kwanza, kisha ndiyo upige kiki ili maji yatoke kwenye silinda.

Kila mji nilianza kwa askari. Kiswahili ndicho chao: "Shikamoo afande, njia ya Kaabong ikoje leo?" Jibu linakuja kamili, pamoja na mahali pa kutosimama. Kwa wachunga ng'ombe, "Ejoka?", salamu ya Kikaramojong, inafungua njia. Usiku sikuendesha hata kilomita moja.

Karenga niliacha pikipiki na kuingia mbugani kwa gari, maana ndani kuna simba.

Kila jioni, spoku. Zigonge moja moja kwa spana ndogo: iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa sauti butu. Tatu za nyuma zilikuwa butu nilipofika Kaabong. Nilikaza kila moja robo mzunguko, nikazungusha gurudumu kutazama kama limepinda, nikagonga tena.